Kipigo cha 19–2 mbele ya wageni: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki ni cha mechi moja ya besiboli ya ridhaa iliyochezwa Dodoma mjini wakati wa kiangazi, kati ya vijana wa miaka 15 hadi 18. Majina ya timu, watu, mtaa na tarehe yameondolewa. Timu iliyopoteza tunaiita Wenyeji, iliyoshinda tunaiita Wageni. Ufundi wa kupiga na kurusha tutaugusa pale tu unapohusika. Kinachochunguzwa ni kipindi cha kuanzia pale matokeo yalipokuwa dhahiri hadi sahani za chakula zilipokusanywa, pamoja na mambo machache yaliyofanywa, au yaliyosahauliwa, kabla ya hapo.

Usuli

Wenyeji walikuwa na miaka miwili kwenye mchezo huu. Wachezaji 12, wengi wao wametoka kwenye soka, glavu 11, magongo manne, helmeti tano, na mipira ishirini ambayo nusu yake nyuzi zilishaanza kufumuka. Uwanja ni wa soka, wa udongo mwekundu. Besi, vile vituo vinne ambavyo mkimbiaji huvizunguka ili kupata pointi, zilipimwa kwa futi kamba asubuhi hiyohiyo: mita 27.4 kutoka besi hadi besi, mita 18.4 kutoka sahani ya nyumbani, anaposimama mpigaji, hadi bamba la mrushaji, anayemrushia mpira. Nyuma ya mdakaji, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka mirusho, hapakuwa na uzio, ila wavu wa goli uliofungwa kwenye nguzo mbili. Mpira ukipita pembeni ya wavu huo ulikuwa ukifukuzwa hadi kijiwe cha bodaboda.

Warushaji wa Wenyeji walikuwa wawili. Wa pili alituma ujumbe usiku wa kuamkia mechi kwamba ana tuisheni. Akabaki mmoja, wa miaka 16.

Wageni walitoka mkoa mwingine. Wachezaji 16, warushaji wanne, uzoefu wa miaka minne. Walichangishana nauli, wakafika Ijumaa jioni, wakalala. Jambo hili la nauli lishikwe, maana litarudi.

Besiboli ilishika mizizi katika baadhi ya shule za Tanzania miaka ya 2010 kwa msaada mkubwa wa Wajapani, na pamoja na mpira ukaja utaratibu wao wa kujipanga: timu mbili zinatazamana kwenye sahani ya nyumbani, kofia mkononi, kabla ya mechi na baada yake, zinainamiana na kushukuriana. Wenyeji waliufahamu utaratibu huo. Mstari wa mwanzo waliufanyia mazoezi kila mara. Ule wa mwisho walikuwa wameufanya siku za ushindi na siku za mechi za wao kwa wao tu, yaani siku ambazo hakuna aliyekuwa na la kumeza.

Makocha waliafikiana kwa simu wiki moja kabla: iningi saba (iningi ni awamu ambayo kila timu hupiga mara moja, hadi wachezaji wake watatu watolewe), wachezaji tisa uwanjani, aliyetoka anaweza kurudi, chakula cha mchana juu ya Wenyeji. Kanuni ya huruma, ile ya kumaliza mechi mapema pengo likiwa kubwa mno, haikutajwa. Kila kocha alidhani mwenzake anaifahamu, na kila mmoja alikuwa na yake kichwani.

Mechi yenyewe

Mechi ilianza saa tatu na nusu asubuhi ili iishe kabla upepo wa mchana haujaanza kuinua vumbi. Wageni walipiga kwanza.

Katika iningi ya kwanza mrushaji wa Wenyeji alitoa besi za bure nne, ile besi ya kwanza anayopewa mpigaji akirushiwa mipira minne nje ya eneo la kupigika. Mpira mmoja wa chini ulipita katikati ya miguu ya mchezaji wa besi ya tatu, mwingine ukarushwa juu ya kichwa cha mwenzake wa besi ya kwanza. Wageni wakapata pointi sita, na katika hizo mpira uliopigwa sawasawa ulikuwa mmoja. Mrushaji alitumia mirusho 38, wakati iningi ya kawaida humgharimu mtu mirusho kama 15. Wenyeji walijibu kwa pointi moja, pembeni ya uwanja pakalipuka shangwe, na kwa robo saa hivi ilionekana kama mechi.

Iningi ya pili ilifika 9–1, mirusho 62. Ya tatu ndiyo iliyochafua hali ya hewa. Matokeo yakiwa 12–1, mkimbiaji wa Wageni aliiba besi ya pili, yaani aliikimbilia bila mpira kupigwa. Mdakaji wa Wenyeji alijaribu kumwahi, lakini kutoka sahani ya nyumbani hadi besi ya pili ni karibu mita 39, na mpira wake ulitua mapema, ukadunda na kukimbilia uwanja wa nyuma. Mrusho uliofuata, mkimbiaji yuleyule akaiba ya tatu. Benchi la Wageni likacheka kwa sauti. Mirusho miwili baadaye mpira ulimpata mpigaji wa Wageni mgongoni.

Makusudi? Mwamuzi hakuweza kusema, na kijana mwenyewe hakusema lolote siku ile wala baadaye. Alikuwa ameshapita mirusho 80 na mkono umelegea; mkono uliochoka hukosa shabaha bila kuhitaji hasira. Lakini hasira nayo ilikuwepo. Mwamuzi alisimamisha mchezo, akawaita makocha, akatoa onyo kwa pande zote mbili. Iningi ikaisha 14–1, mirusho 93.

Iningi ya nne Wenyeji walimweka mchezaji wa uwanja wa nyuma arushe. Alirusha taratibu, mpira ukaingia kwenye eneo la straiki, yaani pale unapopigika, ukapigwa, na mara nyingi ukadakwa. Ikawa 18–1. Kabla Wenyeji hawajaenda kupiga, nahodha wao, wa miaka 17, alimfuata mwamuzi: "Refa, samahani. Tunaomba uongee na makocha. Huku nyuma wadogo wameanza kutukanana."

Kikao kilichukua dakika tatu. Wakaafikiana kwamba iningi ya tano ndiyo ya mwisho, hakuna kuiba besi tena, mpira ukimpita mdakaji mkimbiaji asogee besi moja tu, na Wageni waingize wachezaji sita wa akiba. Iningi ya tano kila upande ulipata pointi moja. Ile ya Wenyeji iliingizwa na kijana ambaye msimu mzima hakuwahi kufika besi ya kwanza. Alipiga mpira wa polepole kuelekea besi ya tatu, akakimbia kama aliyeona nyoka, na akafika. Auti ya mwisho, yaani kutolewa kwa mpigaji, ilikuwa ya straiki tatu, mirusho mitatu mizuri aliyoshindwa kuipiga. Saa tano na dakika 40, 19–2.

Wachezaji watatu wa Wenyeji walikwenda moja kwa moja kwenye mabegi yao. Mrushaji alikuwa ameshakaa nyuma ya tangi la maji. Watoto waliokuwa wakitazama walianza kuhesabu kwa pamoja, moja, mbili, tatu, hadi kumi na tisa. Nchi hii inafahamu vizuri kazi ya hesabu hiyo. Yanga ilipoifunga Simba 5–1 tarehe 5 Novemba 2023, vidole vitano viliinuliwa mitaani hadi mikono ikachoka. Kumi na tisa haina mkono wa kuitosha, ndiyo maana watoto walitumia midomo.

Nahodha hakupiga kelele wala kumwita mtu. Alivua kofia, akaenda kusimama peke yake kwenye mstari wa chokaa kando ya sahani ya nyumbani. Dakika moja haikuisha, wenzake tisa wakawa wamemfuata. Waliokuwa kwenye mabegi wakaja wa mwisho, mmoja glavu bado ikiwa mkononi. Hawakutimia: mrushaji hakuja. Mwamuzi alitangaza matokeo, mistari miwili ikapishana, mkono wa kulia kwa mkono wa kulia.

Hapo kikazuka kitu ambacho hakuna aliyekitarajia, na kilitoka kwenye neno la kistaarabu kabisa. Wageni walikuwa wakisema "Poleni", Wenyeji wakiitikia "Hongereni". Kufika mtu wa nne ikawa "Poleni sana", na tabasamu juu. Kijana mmoja wa Wenyeji akajibu, "Poleni ya nini, kwani tumefiwa?" Mstari ukasimama. Nahodha, aliyekuwa ameshamaliza kupita, akarudi hatua mbili na kusema kwa sauti ya kusikika, "Ahsanteni kwa mchezo, karibuni tena Dodoma." Aliyefuata akarudia maneno yaleyale, na mstari ukaendelea hadi mwisho kwa maneno hayo.

Kocha wa Wenyeji alimpa mwenzake mkono na kumpongeza vizuri. Kisha akamgeukia mzazi aliyekuwa jirani: "Hawa wengine watu wazima, we angalia ndevu." Kocha wa Wageni alijifanya hakusikia. Wachezaji wake hawakuwa na sababu ya kujifanya.

Maamuzi na sababu zake

Mrushaji. Kocha msaidizi alimfuata nyuma ya tangi na maji ya kunywa, akakaa naye, na hakumburuta kuja kwenye mstari. Hesabu yake ilikuwa kwamba kijana anayelia akisukumwa mbele ya watu wanaomhesabia pointi atafanya moja kati ya mawili: ataupa mkono bila kumtazama mtu, au atarusha ngumi. Baada ya robo saa nahodha na msaidizi walimsindikiza kwa yule aliyepigwa na mpira mgongoni. Mazungumzo yalikuwa mafupi. "Kaka, ule mpira uliokupata. Samahani." "Yameisha, dogo. Unarusha kasi wewe."

Mazungumzo ya timu. Kocha aliongea na wachezaji wake kwa dakika nne tu, wakiwa wamesimama kivulini. Aliwaambia matokeo yatachambuliwa Jumanne, leo kazi iliyobaki ni kuwalisha wageni. Hakutaja kosa la mtu. Sababu yake ni nzuri: muda huo hakuna anayesikia mafunzo, kila mmoja anasikia jina lake tu.

Chakula. Wazazi wawili walitaka vijana waende nyumbani, wageni wale wenyewe. Mama lishe alikuwa ameshapika wali, maharage na kabichi kwa watu 35. Kocha alikataa kuwatawanya, akasema mgeni hali peke yake. Aliwapanga kwa nafasi zao za uwanjani: mdakaji na mdakaji, wa besi ya kwanza na wa besi ya kwanza. Wenyeji ndio waliomimina maji ya kunawa.

Simu. Hakukuwa na uamuzi wowote. Saa nane mchezaji mmoja wa Wageni aliweka kwenye status picha ya ubao wa matokeo na vikatuni vya kucheka. Mchezaji wa Wenyeji akajibu kwa kuwaita vibabu, akiazima maneno ya kocha wake. Hadi usiku kundi la pamoja la WhatsApp, lililoundwa kwa ajili ya kupanga safari, lilikuwa na matusi ya kutosha kulifunga, na likafungwa.

Matokeo

Jumanne walifika mazoezini tisa kati ya 12. Wawili walirudi wiki iliyofuata, mmoja alirudi kwenye soka na hakuonekana tena. Mrushaji alikuwepo Jumanne, akapewa daftari la kuandika mchezo badala ya mpira, na alirusha tena Alhamisi. Kocha alimpigia simu mwenzake Jumatatu kuomba radhi kwa maneno ya ndevu. Aliitikiwa kwa adabu na kwa ubaridi. Mwaliko wa marudiano, uliokuja mwezi uliofuata, haukupitia kwa makocha. Nahodha wa Wageni aliuleta kwa nahodha wa Wenyeji. Marudiano yalichezwa ugenini, Wenyeji wakapoteza tena, 11–4, na mstari wa mwisho ulipita bila tukio.

Uchambuzi

*Kanuni ya huruma ilipaswa kuwa kwenye simu ya kwanza.* Kwa mechi ya iningi saba, kipimo kinachotumiwa na wengi ni tofauti ya pointi 10 baada ya iningi tano. Mashindano makubwa ya kimataifa ya iningi tisa huweka 15 baada ya tano au 10 baada ya saba. Ligi za watoto za Little League, zenye iningi sita, huweka 15 baada ya tatu na 10 baada ya nne. Kipimo chochote kinafaa, mradi kiwe kimeandikwa. Pia iandikwe nani anayemalizia: anayeongoza akiwa yule anayepiga wa pili, mechi inaisha nusu ya kwanza ya iningi ikikamilika, akiwa anayepiga wa kwanza, mpinzani lazima apewe nafasi yake ya kupiga. Bila hivyo mtu anayeomba mechi ifupishwe anaonekana amekimbia. Nahodha wa kisa hiki alilazimika kuomba kwa niaba ya amani, na alifanikiwa kwa sababu aliomba kikao, hakuomba huruma. Si kila kijana wa miaka 17 atapata maneno hayo.

Sasa ile nauli. Kocha wa Wageni alisita kwenye kikao kwa sababu hakutaka kuwarudisha mkoani vijana waliocheza iningi tano na wengine wakiwa hawajashika hata gongo. Ana haki. Suluhisho ni kupanga mapema kwamba mechi ikiisha kwa kanuni ya huruma, muda uliobaki utachezwa iningi mbili au tatu za kuchanganya: mrushaji wa huku na mdakaji wa kule, hakuna kuandika pointi. Timu iliyokung'utwa hurudi uwanjani haraka, na mwili unapata kitu kingine cha kukumbuka. Tarehe 22 Agosti 2007, kwenye ligi kuu ya Marekani, Baltimore Orioles walipigwa 30–3 na Texas Rangers baada ya kuongoza 3–0, na siku hiyohiyo walitakiwa kurudi uwanjani kwa mechi ya pili. Walipoteza hiyo nayo, ila kwa 9–7.

*Swali la mrushaji lilikuwa la kumbadilisha kabla ya kuwa la nidhamu.* Mwongozo unaotumika sana kwa miaka 15 na 16 unaweka kikomo cha mirusho 95 kwa siku, na anayevuka 75 apumzike siku nne kamili. Kwa hesabu hiyo kocha hakuvunja kitu: 93, na kijana alirusha Alhamisi baada ya siku nne. Lakini kikomo si lengo. Mirusho 38 ndani ya iningi moja, bila kukaa chini, inachosha mkono kuliko 38 iliyogawanywa kwa iningi mbili au tatu, na dalili zake zilikuwa wazi: kiwiko kinashuka, mipira inapaa juu ya eneo, kijana anapumua kwa mabega. Mwandishi wa daftari alihesabu mirusho kwa usahihi. Hakuna aliyemuuliza hesabu hadi iningi ya tatu.

"Nani mwingine?" ndilo jibu la makocha wengi. Yeyote anayeweza kuingiza mpira kwenye eneo la straiki, hata taratibu. Ligi kuu ya Marekani yenyewe huwaweka wachezaji wasio warushaji warushe mechi ikishaharibika, na tangu 2023 kanuni zake zinaruhusu hilo kwa timu iliyoachwa kwa pointi nane au zaidi. Wenyeji walifanya hivyo iningi ya nne na mchezo ukatulia papo hapo. Wangefanya hivyo mwanzoni mwa ya tatu, pengine tusingekuwa na mpira wa mgongoni wa kujadili wala kijana nyuma ya tangi. Anayepotea kwenye mstari wa mwisho mara nyingi ni yule aliyeachwa peke yake juu ya bamba kwa muda mrefu kuliko alivyoweza kustahimili, na kumwita hana nidhamu ni kumtwisha kosa la benchi.

Je, msaidizi alikosea kutomlazimisha? Hapa wachambuzi wa kisa hiki hawakuafikiana. Upande mmoja unasema mstari ni wa wote, na kumruhusu mmoja ni kufungua mlango. Upande wa pili, ambao ndio tunaouona wenye nguvu, unasema deni linaweza kuchelewa mradi lilipwe siku hiyohiyo, kabla ya kula, ana kwa ana, na mtu akiwa pembeni yake. Jumatatu kwa ujumbe wa simu halihesabiki.

*Mshindi alikuwa na kazi, akaianza akiwa amechelewa.* Kuiba besi mnaongoza kwa pointi 11, wakati mdakaji wa mpinzani hana uwezo wa kurusha mita 39, hakumfundishi mkimbiaji kitu. Pengo likifika nane au tisa, kocha anayeongoza anaweza kuacha kuiba, kuacha banti (kuugusa mpira tu kwa gongo ili udondoke karibu), kuwasimamisha wakimbiaji besi ya tatu badala ya kuwapungia waendelee, na kuingiza akiba. Asichotakiwa kufanya ni kuwaambia wapigaji wakose mipira makusudi. Anayepewa straiki za bure anaona, na huruma inayoonekana waziwazi ni dharau iliyovaa kanzu. Apige kwa nguvu zake zote, ila akifika besi atulie. Kicheko cha benchi kiliumiza kuliko besi zote mbili zilizoibwa, na hicho hakihitaji kanuni, kinahitaji kocha kugeuza shingo.

*Neno "poleni".* Kwa Kiswahili pole ni adabu, na mtu akikuona umebeba mzigo tu anakupa. Lakini pole ina mwelekeo: inatoka kwa aliye salama kwenda kwa aliyepatwa. Mara moja, kwa sauti ya chini, kutoka kwa kocha hadi kwa kocha, inafaa. Ikirudiwa na watu 16 wakipita mbele yako mmoja mmoja, inageuka msafara wa kuhani, na mfiwa yuko sahihi kuuliza nani amekufa. "Ahsanteni kwa mchezo" haina mwelekeo. Wote wawili wanaweza kuisema na wote wakaitikia. Timu zikubaliane maneno kabla, kama zinavyokubaliana rangi za jezi. Yaliyobaki ya mstari ni ya mikono na miguu: glavu na helmeti ziachwe kwenye benchi, mkono wa kulia, macho kwenye macho, nahodha wa aliyepoteza atangulie, kocha awe wa mwisho ili aone nani hayupo. Na mstari ufanyiwe mazoezi baada ya mazoezi magumu, watu wakiwa wamechoka na wamenuna. Ule wa siku ya furaha haufundishi lolote.

*Ndevu.* Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote kwa upande wa Wenyeji, kwa sababu lilitoka kwa mtu mzima na lilikuja baada ya vijana kufanya sehemu yao. Daftari linaonyesha jinsi lilivyokuwa mbali na ukweli: besi za bure 11, wapigaji wawili waliopigwa na mpira, makosa saba ya uwanjani, na mipira minane tu iliyopigwa salama. Sehemu kubwa ya pointi 19 ilianzia mikononi mwa Wenyeji. Kocha aliyesoma ukurasa huo kabla ya kufungua mdomo angekuwa na la kumwambia mwenzake lenye uzito: wapigaji wenu wana subira, hawafukuzi mipira ya nje ya eneo. Pongezi ya namna hiyo haidanganyi, na vijana wanaosikiliza wanajifunza jambo la kwenda nalo mazoezini. Jumanne mazoezi yalijengwa juu ya ukurasa huo: kila aliyerusha siku hiyo mirusho 20 ikihesabiwa straiki tu, kila mchezaji wa ndani mipira ya chini 30 kwenye udongo uleule, na mdakaji akafundishwa kurusha kwenda besi ya pili kwa mdundo mmoja uliopangwa, badala ya kupania hewani umbali asioufikia.

Kidokezo hicho cha mdundo, kwa taarifa, kilitoka kwa mdakaji wa Wageni, wakiwa wanakula maharage. Kuwapanga kwa nafasi kulizaa matunda pale ambapo kuwachanganya hivihivi kungezaa ukimya. Meza pekee iliyokaa kimya ilikuwa ya wachezaji wa akiba, ambao hawakuwa na nafasi ya kuzungumzia. Kwao tungewapa kazi ya pamoja, kama kukusanya besi na kufuta chokaa.

*Simu na watoto wa pembeni* ndilo eneo ambalo hakuna upande uliojiandaa. Watoto wanaohesabu hawazuiliki kwa kufokewa. Wanazuilika kwa kupewa kazi dakika hiyohiyo: okoteni mipira, ifikishwe ishirini. Kuhusu status, kipengele kimoja kingetosha: hakuna kuweka matokeo wala picha hadi saa kumi na mbili jioni, na picha ya kwanza iwe ya timu mbili pamoja.

Kabla ya marudiano, manahodha wawili waliandika makubaliano ya karatasi moja yenye vipengele sita: tofauti ya pointi 10 baada ya iningi tano, mwisho wa kuiba besi pengo likifika nane, hesabu ya mirusho kutangazwa kila iningi, maneno ya mstarini, saa ya kuweka picha. Cha sita kilihusu umri, kila timu ipeleke orodha ya miaka ya wachezaji wake siku tatu kabla ya mechi. Hicho kiliombwa na Wageni.